Ouma na Mtu Wake, Maji Magoti

Juzi mtu wa mjukuu wangu alikufa hapa mezani kwetu, na kabla chai haijapoa mjukuu alikuwa ameshapata mtu mwingine. Msishtuke, ni mchezo. Jumamosi watoto hukusanyika hapa kwa mwanangu Milimani na kutandaza karatasi na penseli na vijiwe vya plastiki vyenye pembe nyingi, vingine vinang'aa kama peremende. Kila mmoja ana mtu wake wa kubuni. Mmoja ni mchawi mwenye ndevu, mwingine ni msichana wa masikio marefu anayepiga mishale, na huyu wangu alikuwa mpiganaji wa shoka mwenye jina ambalo nisingeweza kulitamka hata meno yangu yangekuwa yote. Mwenzao mmoja hana mtu. Kazi yake ni kuwaambia wamefika wapi na mbele yao kuna nini. Wanarusha kijiwe, kijiwe kinaamua. Basi siku hiyo kijiwe kikaamua vibaya, joka likammeza mwenye shoka.

Nikauliza kutoka jikoni, "Sasa mtamfanyia nini?"

"Nani, Dani?" mjukuu akauliza. Dani kwetu ni nyanya.

"Huyo aliyekufa."

Wakacheka wote. "Hakuna kitu, Dani. Natengeneza mwingine tu." Akakunja ile karatasi, akaitupa kwenye pipa la taka.

Mimi nilikuwa nakata sukuma wiki. Nikaweka kisu. Nikakaa chini.

Mimi shule niliiacha mapema sana, kwa hivyo mnisamehe nikiandika kama ninavyoongea. Mama yangu alikuwa na watoto wa kufuatana, na mimi ndiye niliyekuwa mgongo wao. Akishuka huyu anapanda yule. Nyinyi wa rika langu mnajua, msichana wa kwanza alikuwa nusu mama. Lakini huo mgongo wangu ndio ulionipa cheo ninachotaka kuwaambia, kwa hivyo siulaumu sana.

Tulikaa Nyalenda, kule chini ambako nyumba zinaisha na mafunjo yanaanza. Maji tulichota kwenye mfereji mmoja, na maji yenyewe yalikuja yakitaka. Basi watoto walitumwa kulinda madebe kwenye foleni. Unakaa asubuhi nzima ukilitazama debe lako lisirukwe. Jua linapanda, bati la debe linawaka, kuna harufu ya kutu na ya omena zilizoanikwa karibu, yaani dagaa wa ziwani, na nzi. Mpaka leo nikisikia harufu ya omena na bati la moto pamoja, najisikia nina mtoto mgongoni.

Hapo kwenye foleni ndipo tulipokuwa tunavaa watu. Ndivyo tulivyosema: kuvaa. "Leo unavaa nani?" Hatukuwa na karatasi. Mtu wako ulimbuni mwenyewe, ukambeba kichwani, na ukishamvaa hakuna mwingine anayeruhusiwa kumvaa. Ukitaka kumwua jini ama kuvuka mto wa moto, unarusha vifuniko vya soda. Vingi vikilala chali, umeweza. Vikilala kifudifudi, pole.

Na mimi nilikuwa mpishi. Mpishi ndiye anayewapikia wenzake mambo: sasa mmefika kwenye pango, sasa mlango umefungwa, sasa kuna bibi wa tope anayekula viatu. (Huyo bibi hakuwa tisho kubwa. Hakuna aliyekuwa na viatu.) Nilipewa upishi kwa sababu sikuweza kukimbia na mtoto mgongoni. Ningepewa mtu ningemchelewesha. Kwa hivyo nilikaa juu ya debe langu nikawatuma wenzangu duniani kote.

Akinyi, jirani yetu wa mlango wa pili, alivaa mwanamke mwenye mikono minane aliyeweza kuwapiga maadui wanane makofi kwa wakati mmoja. Akinyi mwenyewe alikuwa hivyo hivyo, alipungukiwa mikono tu. Njoroge, ambaye wazazi wake walitoka huko mkoa wa Kati na mamake aliuza viazi sokoni, alivaa Fundi Tumbo. Fundi Tumbo alikula mabati na misumari, kisha akatapika nyumba nzima, imekamilika, ina hata madirisha.

"Tapika na kitanda," Akinyi alimwambia.

"Kitanda ni cha mbao. Mbao zinanivimbisha tumbo."

"Fundi gani huyu anachagua chakula kama mtoto wa hakimu!"

Na Ouma. Ouma alikuwa mkubwa wetu kidogo, mwembamba, mwenye kovu kwenye paji la uso. Mwanzoni alivaa askari fulani ambaye hata simkumbuki. Halafu asubuhi moja akaja na debe lake, akaliweka chini polepole, akakohoa mara mbili, *kho, kho*, kama mtu anayebisha hodi kooni mwake mwenyewe, akasema kwa sauti nzito ambayo sikujua ameitoa wapi: "Mkubwa wangu, haraka ya nini?"

Tukamtazama.

"Mimi naitwa Maji Magoti," akasema. "Natembea ziwani kwa miguu. Mahali popote, hata katikati kabisa, maji yananifika hapa tu." Akagusa magoti yake.

Nawaambieni, nimesikia hadithi nyingi tangu hapo, na wajukuu wamenionyesha mambo kwenye simu, lakini sijaona mtu wa kubuni aliyenishinda kama yule. Tukipata njaa, Maji Magoti anaingia ziwani, anarudi na samaki mbuta begani. Jini akitufukuza, Maji Magoti anatubeba sote anatembea nasi mpaka upande wa Uganda. Alikuwa na jinsi ya kukuna shingo akifikiria. Alikuwa anamwita kila mtu mkubwa wake, hata mtoto wa mgongoni mwangu. Na hakuwa na haraka. Jini linakuja na moto mdomoni, yeye anakohoa kwanza.

Sasa ngoja niwaambie kilichokuwa kinaendelea nyumbani kwa kina Ouma, maana sisi watoto tulikijua na hatukukijua.

Baba yake alikuwa mvuvi wa omena. Wavuvi wa omena hutoka jioni na taa zao na kulala mchana, kwa hivyo yule baba kwetu alikuwa tu mlango uliofungwa. "Nyamazeni, kuna mtu amelala." Nilimwona mara chache, mgongo wake, nyavu begani. Sauti yake sikuijua kabisa. Kisha upepo ukaja siku moja, mashua ikapinduka. Mwenzake aliokotwa ameshikilia ubao. Yeye hakuokotwa. Wakatafuta, wakauliza fuo zote. Hakuna mwili.

Mama Ouma alisema mume wake yuko hai. "Yule anaogelea kama mamba. Ametokea upande wa pili, atarudi akipata lifti." Aliendelea kuanika omena zake, kuzigeuza kwa ufagio, na kuwasimulia wateja vile mume wake atakavyochoka safari. Mchana akisonga ugali, anakata kipande cha baba, anakifunika kwa sahani. Jioni Ouma ndiye aliyekila, kikiwa kimekauka.

Lakini shemeji yake, yaani baba mkubwa wa Ouma, alianza kuja kutoka nyumbani kwao huko ng'ambo ya Kendu Bay. Mtu mnene, mpole wa maneno. Alikaa kwenye kiti mlangoni, akasema, "Mama, watu wanangoja. Hebu tukubali tuzike yago."

Wengine mnaosoma hamtoki ziwani, kwa hivyo niseme. Yago ni mti wenye matunda marefu mazito, yananing'inia kama mikono ya mtu aliyechoka. Mtu wetu akipotelea majini na mwili usipatikane, tunda la yago huzikwa badala yake, kwa kaburi la kweli na kilio cha kweli. Likishazikwa, huyo mtu amekufa. Hata akitokea kesho barabarani akisalimia watu, hana nyumba tena. Si jambo la mchezo.

Mimi nilisikia maneno yale ya mlangoni nikiwa nabembeleza mtoto, na nikaelewa kivyangu. Nilikuwa nimeona mama akizika mihogo, nimeona mahindi yakizikwa yakaota. Nikajua sasa: wanataka kumpanda. Wazike tunda, baba Ouma aote upya. Nikashangaa sana kwa nini Mama Ouma anakataa kitu kizuri hivyo. Alikataa kwa ukali. "Hakuna kitu kitazikwa hapa nikiwa na macho!" Nilimwona kama mama mchoyo.

Ilinichukua miaka, na mimi mwenyewe kuwa mke wa mtu, kujua alichokuwa anakataa. Mwanamke akikubali yago izikwe amekubali kuwa mjane. Na mjane wa wakati ule, shemeji alikuwa tayari mlangoni kumrithi, kiti ameshaletewa. Kila kipande cha ugali alichokifunika kilimweka yule mtu mnene nje ya nyumba yake siku moja zaidi. Na pia alimpenda mume wake. Hayo mawili yalikaa ndani yake pamoja na sidhani hata yeye aliyatenganisha.

Na Ouma alikuwa katikati. Usiulize habari za baba yako. Usilie, utamwita kifo. Jirani akikuambia pole, umwambie pole ya nini. Mtoto akanyimwa kulia. Hicho ndicho kilikuwa kinamla, na hakuna aliyekiona.

Kwenye foleni mambo yakaanza kubadilika. Asubuhi moja nikawapikia safari ya kisiwa, nikamwambia Maji Magoti aingie ziwani awabebe wenzake. Ouma akakohoa, akakuna shingo. "Mkubwa wangu, leo maji yamefika kiunoni."

"Haiwezekani," nikasema. "Wewe ni wa magotini."

"Yamepanda."

Akinyi akapiga kofi. "Basi aitwe Maji Kiuno!"

Siku nyingine yakafika kifuani. Akinyi akambadilisha jina tena, akacheka, lakini sasa alicheka peke yake. Njoroge alikuwa na moyo mzuri, akasema Fundi Tumbo atamtapikia mashua ya bati. Mimi nikampikia samaki mkubwa wa kumbeba mgongoni. Nikasema rusha. Ouma akarusha vifuniko, vyote vikalala chali, hakijawahi kutokea kitu kama hicho. Tukashangilia. Yeye akaviokota.

"Vifuniko vimesema ndiyo," akasema kwa sauti yake mwenyewe. "Yeye anasema hapana."

Nilikasirika. Nilidhani anataka kutuonyesha kwamba mtu wake ni mkubwa kuliko upishi wangu. Mpishi ana kiburi, mjue hivyo.

Halafu maji yakafika shingoni, kisha asubuhi moja Ouma akaja bila debe. Hakukohoa. Akasema, "Ameenda. Tumzike."

"Tumzike wapi, na hana mwili?" Njoroge akauliza.

"Kwa yago."

Nikafurahi! Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikasema moyoni, ameona mambo, atampanda Maji Magoti aote upya na magoti makavu. Tukaacha madebe, kosa kubwa hilo, tukaenda kwenye mti uliokuwa kwenye njia ya ziwani. Tunda moja lilikuwa chini. Njoroge akalinyanyua upande mmoja, akaguna.

"Kwetu hii si ya kuzika," akasema. "Kwetu hii ni ya pombe. Guka, babu yangu, anaitia kwenye asali."

"Shika tu," Ouma akamwambia.

Akinyi alilitazama lile tunda, akamtazama Ouma. Yeye alilelewa na nyanya yake, aliyajua mambo kuliko mimi. Akageuka akakimbia kuelekea nyumbani.

Tukachimba kwa kipande cha bati karibu na mafunjo, udongo mweusi, maji yakichuruzika chini ya shimo. Ouma aliosha tunda kwanza. Aliliosha taratibu, pande zote, akavua shati lake akalifunga nalo. Akaliweka. Akafukia kwa mikono. Kisha akatuambia, "Lieni."

Tukalia kilio cha mchezo. Njoroge alilia kama mbuzi. Mtoto mgongoni mwangu akashtuka akalia kweli. Ouma akasimama mikono kando, mdomo wazi, na hakuna sauti iliyotoka.

Hapo tukasikia kilio kingine, kutoka juu kwenye njia. Mama Ouma alikuwa anakuja, leso imemwanguka, Akinyi nyuma yake. Alikuwa anapiga mayowe yale marefu ya msibani, na mimi, mtoto mimi, nikasema hebu ona, huyu ndiye anajua kulia, amekuja kutusaidia. Nilimpisha apite.

Alipiga magoti akaanza kufukua. Kwa kucha. "Nani aliwaambia? Baba mkubwa ndiye aliwatuma? Ouma, nani amekutuma umzike baba yako?"

Ndiyo mara ya kwanza nilisikia kwamba tuliyemzika ni baba yake.

Lakini hata hapo sikuelewa vizuri. Niliona mkono wake umefika kwenye shati, niliona tunda linatoka, nikapiga kelele, "Mama, usimng'oe! Hajaota bado!"

Akaganda vile vile alivyokuwa, mikono shimoni. Akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo tena na mtu mzima, kama mtu ambaye ameuliza njia siku nyingi, na sasa mtoto mjinga anamwonyesha.

"Ataota?" akaniuliza. Aliuliza kweli. Hakuwa ananikejeli.

Mimi nikamtazama Ouma, maana mtu alikuwa wake.

Ouma akachuchumaa karibu na mama yake. Akakohoa mara mbili. Na ile sauti nzito ikatoka, polepole. "Hapana, mkubwa wangu. Nimechoka. Niache nilale."

Mama Ouma alifunika mdomo wake kwa mikono ile yenye tope. Aliijua ile sauti. Mimi ndipo nilipojua kwamba ilikuwa ya mtu, kwamba Ouma hakuibuni hata kidogo, kikohozi, shingo, *haraka ya nini*, vyote vilikuwa vya yule mtu aliyekuwa amelala nyuma ya mlango. Nilikuwa nimekaa na baba Ouma asubuhi zote zile.

Kisha Mama Ouma akarudisha tunda na shati mahali pake, akafukia yeye mwenyewe, akapiga udongo kwa kiganja mpaka ukalainika. Hakupiga mayowe tena. Alimvuta Ouma mapajani, mtoto mkubwa vile, na Ouma akalia. Alilia mpaka akatapika. Njoroge aliniuliza kwa kunong'ona kama mchezo umeisha.

Basi habari hazikai. Baba mkubwa alikuja, akasema mtoto ameshafanya, watu wazima wamalizie. Wakazika yago nyingine huko kwao, kwa kanisa na kwa ng'ombe. Na kiti kikaletwa mlangoni, kama Mama Ouma alivyojua kitaletwa. Alikikataa, na kwa kukataa akapoteza nyumba ya huko, na nyavu, na jina jema kwa muda. Akaamua kurudi kwa mamake upande wa Katito.

Siku ya kuondoka walipakia vitu kwenye mkokoteni: godoro, masufuria, mafagio ya omena. Ouma alitangulia mbele na kuku mkononi. Hakutuaga. Hakuwahi kuvaa mtu tena tangu siku ile ya mafunjo, na sisi pia tuliacha, wale wengine wote tukawaacha njiani tu, wa mikono minane na wa mabati, sijui waliko.

Mama Ouma akasimama mlangoni kwetu. Aliniita kando.

"Wewe ndiye mpishi?"

"Ndiyo, Mama."

"Ouma haongei tena vile. Nimemwomba. Anasema huyo mtu ameshazikwa." Alikuwa anapinda pindo la leso, anakunjua, anapinda. "Wewe ulimsikia kila siku. Nyathina, mwanangu, niongeleshe kidogo tu. Kama yeye."

Sheria yetu ilikuwa moja, kwamba humvai mtu wa mwenzako. Na niliona haya, na mwenye mkokoteni alikuwa anatutazama, na mtoto alikuwa amenikojolea mgongoni. Nikatazama vidole vya miguu yangu. Alingoja. Angeweza kunihimiza, hakunihimiza.

"Haya," akasema mwishowe. Akanigusa kichwani, akamwambia mwenye mkokoteni twende.

Jioni ile nilienda nyuma ya nyumba peke yangu. Nikakohoa mara mbili. Nikasema, "Mkubwa wangu, haraka ya nini?" Ikatoka yote, nzima, nzito, kama vile aliniachia mimi. Mpaka mama yangu akaita kutoka ndani, "Ni mwanaume gani huyo amekuja?"

"Hakuna mtu, Mama," nikajibu.